Msimbo ni wako, wazo lina mwenyewe: hataza inavyoigusa programu huria

Fundi anayechomelea mashine za kukamua mawese Ujiji na kijana anayeandika programu ya kupanga mizigo ya boti za Kibirizi wana hofu moja: nikikionyesha nilichotengeneza, wenye mtaji watakibeba. Na wote wawili hupewa ushauri ule ule, kwamba waende BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na hataza, wakakate hataza kabla ya kufungua mdomo. Kwa fundi ushauri huo una mantiki. Kwa kijana una matatizo karibu kila upande, hasa kwenye programu huria, yaani ile ambayo msimbo wake (maandishi yanayoiendesha) uko wazi kwa yeyote kuutumia, kuubadilisha na kuugawa, na ili tuyaone lazima kwanza tufungue furushi ambalo mtaani limefungwa kwa kamba moja na kuitwa "haki miliki".

Ndani yake mna vitu vitatu. Alama ya biashara hulinda jina na nembo, basi. Hakimiliki hulinda kazi kama ilivyoandikwa au kuchorwa: shairi, picha, kitabu, na pia msimbo wa programu, kwa kuwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaiweka programu ya kompyuta kundi moja na vitabu na maandishi mengine. Haki hiyo unaipata pale pale unapoandika. Kujisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakupa ushahidi siku ya ugomvi, lakini haki ilikuwepo tangu jana yake. Cha tatu ndicho hataza, nayo haina habari na maandishi yako. Inachoangalia ni namna ya kulifanya jambo.

Tuseme fundi wetu amebuni mpangilio mpya wa skrubu unaokamua mafuta yote bila kuvunja mise, zile kokwa za ndani. Akipewa hataza, inayoweza kufika miaka 20 tangu alipowasilisha maombi, hakuna mwingine anayeruhusiwa kutengeneza, kutumia wala kuuza mpangilio huo bila ridhaa yake. Naye kwa upande wake anatakiwa aueleze uvumbuzi wake kwa ukamilifu, na maelezo hayo yawekwe wazi ili wengine wajifunze na muda ukiisha wautumie bure. Ndiyo biashara yenyewe: jamii inapewa siri, mvumbuzi anapewa muda wa kula peke yake. Sharti kubwa ni upya. Kama mashine hizo zimeshauzwa misimu miwili mitatu, kila mtu amezichungulia na kuzipiga picha, upya umekwisha na maombi yatakwama.

Kuna sharti jingine ambalo watu hulipita haraka, na ndilo linaloleta balaa kwenye programu. Fundi wa Kasulu akiufikia mpangilio huo huo kwa akili yake, bila kuiona mashine ya Ujiji hata siku moja, bado anavunja hataza. "Sikuiga" ni utetezi mzuri kwenye hakimiliki. Kwenye hataza haukusaidii.

Kwenye chuma, jambo hilo halitokei mara nyingi. Kwenye programu linatokea kila wiki, kwa sababu watu wanaokabiliwa na tatizo moja na kompyuta za aina moja huishia kwenye majibu yanayofanana. Mfano ninaoupenda uko Mwanga, hapa Kigoma, kwenye meza ya kijana yeyote anayejazia watu nyimbo kwenye flashi na kadi za memori.

Zamani, kompyuta za DOS zilikubali jina la faili lisilozidi herufi nane, kisha nukta, kisha herufi tatu. Ilipokuja Windows 95 watu walitaka majina marefu, lakini mashine za zamani nazo zilipaswa kuendelea kuyasoma mafaili hayo. Microsoft wakatatua hivi: kila faili lihifadhiwe na majina mawili, refu kwa mashine mpya na fupi kwa za zamani. Wimbo ulioitwa "Harusi ya Kasulu.mp3" ukawa pia "HARUSI~1.MP3". Kama umewahi kuchomeka flashi kwenye redio ya gari ukakutana na majina yenye kile kimstari cha mawimbi na namba moja, umeiona hila hiyo kwa macho yako. Microsoft waliiombea hataza Marekani wakapewa.

Sasa watengenezaji wa Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta, walihitaji kusoma flashi na kadi kama mtu mwingine yeyote. Waliandika msimbo wao wenyewe tangu mwanzo, hawakunakili mstari wa mtu. Kwa hakimiliki hawana kosa lolote. Kwa hataza, ile tu kuhifadhi faili kwa majina mawili kwa namna ile kulitosha kuwatia matatani. Februari 2009 Microsoft waliishtaki TomTom, kampuni ya Uholanzi iliyouza vifaa vya kuelekeza magari barabarani vilivyotumia Linux, na miongoni mwa hataza zilizotajwa zilikuwemo hizo za majina ya mafaili. Mwezi uliofuata TomTom wakakubali kulipa. Mwaka huo huo Andrew Tridgell, mwandishi wa programu wa Australia anayeheshimika sana, alikaa akatengeneza kiraka, yaani msimbo mdogo wa kurekebisha programu, cha kuifanya Linux isihifadhi kamwe majina mawili halali kwa pamoja: ukiandika jina refu, mahali pa jina fupi panajazwa herufi zisizo na maana.

Tafakari kidogo kazi hiyo. Mtu mwenye kipaji cha namna yake anatumia muda wake kuandika msimbo ambao haumsaidii mtumiaji kwa lolote. Haukuongeza kasi wala usalama. Lengo lake lilikuwa moja, kuzunguka uzio. Watu wakijadili kama hataza zinakuza au zinaua ubunifu huhesabu hataza zilizotolewa na kesi zilizofunguliwa, lakini saa za namna hii haziingii kwenye hesabu yoyote.

Kisa cha kadi hakikuishia hapo. Mwaka 2006 Microsoft walileta mpangilio mwingine wa kuhifadhi mafaili, exFAT, na wenye viwango vya kadi za memori wakaamua kwamba kadi zinazozidi GB 32 zitumie huo. Matokeo yake yako kwenye vibanda vyetu hadi leo. Mtu ananunua kadi ya GB 64, anaitumbukiza kwenye redio au sabufa ya bei nafuu, haisomi. Fundi anaifuta na kuipanga upya kwa FAT32, mpangilio wa zamani, tena kwa programu ya pembeni kwa sababu kifaa cha kupangia cha Windows kilikuwa hakikubali kwenda zaidi ya GB 32, na muziki unapiga. Mteja anaondoka akiamini aliuziwa kadi feki. Sababu moja kubwa ni kwamba exFAT ilihitaji leseni ya kulipia, na mtengenezaji wa redio ya bei ya chini hakuona haja ya kuilipia. Ni mwaka 2019 ndipo Microsoft walipochapisha maelezo yake hadharani na kuridhia iingizwe kwenye Linux.

Kwa nini programu huria ndiyo inaumia kuliko nyingine? Wengi hujibu kwamba haina pesa. Si kweli moja kwa moja, maana nyuma ya Linux kuna makampuni tajiri kupindukia. Shida ni hesabu. Mwenye hataza kwa kawaida hudai mrabaha kwa kila nakala: senti kadhaa kwa kila simu, kila kompyuta, kila kipakuo. Programu huria haina anayehesabu nakala. Mimi nakupa, wewe unampa mwenzako Uvinza, yeye anaibadilisha na kuiweka kwenye mashine thelathini za shule, na leseni inasema hayo yote ni halali. Nani alipe, na alipie ngapi? Leseni ya GPL toleo la 2, ya mwaka 1991, ambayo Linux inaitumia, iliona hilo mapema na ikatamka bila kumung'unya maneno: kama kwa sababu ya hataza huwezi kuigawa programu kwa uhuru ule ule ulioupokea, basi usiigawe kabisa.

Ndiyo maana kwa miaka mingi ukiweka Fedora, mojawapo ya matoleo ya Linux, kwenye kompyuta, nyimbo za MP3 zilikataa kulia mpaka utafute kifurushi cha nyongeza. Uwezo wa kiufundi ulikuwepo. Wagawaji wake, waliokuwa na kampuni Marekani nyuma yao, waliogopa hataza.

Hapa haki itendeke, kwa sababu waandishi wa programu huria, nami nawapenda, wana tabia ya kusimulia upande mmoja. MP3 ilikuwa kazi ya kweli. Karlheinz Brandenburg na wenzake wa taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani walitumia miaka kuchunguza sikio la binadamu linasikia nini na linaacha nini, ili wimbo ubanwe bila msikilizaji kugundua. Mrabaha uliingia Fraunhofer ukaendelea kulipia utafiti. Hataza ya namna hiyo inafanana na ile ya skrubu ya mawese: kuna maumivu yaliyotangulia, kuna gharama, kuna jambo jipya duniani. Aprili 2017 Fraunhofer walifunga mpango wao wa leseni za MP3, hataza zikiwa zinamalizika, na kifaa kikawa cha wote. Sina ugomvi na mpangilio huo kama ninavyogombana na wa majina mawili ya faili.

Tatizo ni kwamba ofisi za hataza, hasa Marekani katika miaka ya tisini, hazikutenganisha vitu hivyo viwili. Mwaka 1999 Amazon walipewa hataza ya kununua kitu kwa kubofya mara moja, kwa kuwa anwani na kadi ya mteja tayari vimehifadhiwa. Mwenye duka yeyote wa Kasulu mwenye daftari la wateja wa mkopo anaelewa wazo hilo bila kufafanuliwa. Barnes & Noble walishtakiwa kwa sababu yake, Apple wakaamua kulipia leseni, na Ulaya ofisi ya hataza ikaikataa. Ilikwisha muda wake mwaka 2017.

Na ile biashara ya "toa siri upewe ulinzi" kwenye programu imepinda. Maombi ya hataza ya programu hayadai uambatanishe msimbo. Yanaandikwa na wanasheria, kwa sentensi zinazonyumbuka kama mpira, ili ziguse mambo mengi iwezekanavyo. Nimejaribu kuzisoma. Mwandishi wa programu hajifunzi kitu humo, tofauti na fundi anayesoma mchoro wa mashine. Kisha miaka 20 kwenye sekta ambayo simu ya miaka sita inaitwa ya zamani ni umri wa babu.

Ajabu ni kwamba uzio wenyewe umewahi kuzaa kitu kizuri, bila kukusudia. Mwaka 1987 CompuServe walileta picha za GIF, wakitumia njia ya kubana data ambayo hawakujua ilikuwa na hataza mikononi mwa Unisys. Dunia nzima ikazitumia. Mwishoni mwa 1994 ikatangazwa kwamba programu zinazotengeneza GIF zitalipiwa. Watu walikasirika, na mwaka 1995 kundi la waandishi wa programu likaanza kubuni aina nyingine ya picha isiyo na hataza ya mtu. Ndiyo PNG, hiyo hiyo unayomwambia mchora nembo akutumie ili isiwe na weupe nyuma. Ikatoka bora kuliko GIF kwa picha zisizotembea.

Sauti nayo ilipita njia hiyo. Ujumbe wa sauti unaoutuma kwenye WhatsApp umebanwa kwa Opus, kiwango kilichoidhinishwa mwaka 2012 baada ya kuundwa tangu mwanzo ili kitumike bila mrabaha. Mama anayeuza dagaa Kibirizi na kumrekodia mteja wake wa Dar bei ya gunia anatumia zao la ugomvi ule. Upande wa video mambo yalikuwa mazito zaidi: Cisco mwaka 2013 walijitolea kulipia hataza za H.264, njia ya kubana video, wenyewe ili kivinjari huria cha Firefox kiweze kucheza video hizo, lakini kwa sharti kwamba kipande hicho kipakuliwe kutoka kwao kikiwa kimeshaundwa. Ukikiunda mwenyewe kutoka kwenye msimbo, malipo yao hayakufuniki. Huria ya kufungwa kamba mguu mmoja. Baadaye makampuni makubwa yenyewe yalichoka, yakaungana mwaka 2015 na kutoa AV1 mwaka 2018, njia nyingine ya kubana video isiyodai mrabaha.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama hataza zinasukuma ubunifu wa programu, jibu langu ni kwamba zinausukuma pembeni. Nguvu iliyopaswa kwenda mbele inakwenda kuzunguka. Wakati mwingine huko kwenye kuzunguka mnaokota PNG. Mara nyingi mnaokota kiraka cha Tridgell.

Wapo pia wasiotengeneza chochote. Hununua hataza, hutafuta wa kumshtaki, kisha humwambia alipe kiasi kilicho chini ya ada ya wakili ili yaishe. Mwaka 2019 kampuni moja ya namna hiyo, Rothschild Patent Imaging, iliwafungulia kesi GNOME, taasisi isiyo ya faida inayotunza programu huria za kompyuta ya mezani, ikidai kwamba Shotwell, programu ya bure ya kupangia picha, inavunja hataza yake. Walitegemea walipwe waondoke. GNOME wakagoma, wakachangisha zaidi ya dola 150,000 kutoka kwa watu wa kawaida, mawakili wakawatetea bila malipo, na Mei 2020 kampuni ile ikakubali kutoishtaki programu yoyote iliyo chini ya leseni huria inayotambulika. Miaka miwili baadaye hataza yenyewe ikabatilishwa. Ushindi mtamu, ila hesabu iangaliwe vizuri: mradi mdogo usio na jina hauwezi kuchangisha hivyo.

Ulinzi unaodumu umetokana na maafikiano. Mwaka 2005 IBM, Red Hat, Sony, Philips na Novell walianzisha Open Invention Network, ambamo kila anayejiunga anaahidi kutotumia hataza zake dhidi ya Linux, na wenzake wanamwahidi vivyo hivyo. Kwa miaka mingi kujiunga kulikuwa bure. Oktoba 2018 waliingia Microsoft, wale wale wa majina mawili ya faili, na hataza zaidi ya 60,000. Silaha nyingine imo ndani ya leseni. Leseni ya Apache 2.0 ya mwaka 2004 inasema kila anayechangia msimbo anawapa watumiaji ruhusa ya hataza zake zinazohusika na mchango huo, na atakayefungua kesi ya hataza dhidi ya programu hiyo anapoteza ruhusa aliyopewa. GPL toleo la 3 la mwaka 2007 ikafuata njia hiyo. Leseni ya MIT, ambayo vijana wengi huibandika kwa sababu ni fupi, haitaji hataza hata kwa neno moja.

Turudi nyumbani, kwa sababu hapa ndipo watu huchanganyikiwa zaidi. Hataza haivuki mpaka. Iliyotolewa Marekani haina nguvu Kigoma isipokuwa mwenyewe aliisajili pia BRELA, au kupitia ARIPO, shirika la haki miliki la kanda ya Afrika lililoko Harare, akaitaja Tanzania. Sehemu kubwa ya hataza nilizozitaja hazikuhitaji kuwa na meno huku. Redio ilikataa kadi na Fedora ilikataa MP3 kwa sababu vilitengenezwa na watu walioogopa mahakama za kwao. Sheria haikufika, athari yake ilifika na mzigo.

Kijana wa programu ya boti, mradi anahudumia Kibirizi, Kalya na Kagunga, hatari yake ya kushtakiwa kwa hataza ni ndogo mno. Inaanza kuongezeka siku anapoiweka kwenye duka la programu la Google na kuruhusu ipakuliwe Marekani, au anapoiuza kwa shirika lenye ofisi huko. Akitaka watu waichangie, Apache 2.0 itamfaa kuliko MIT. ODK, programu ya kukusanyia majibu ya dodoso ambayo wadodosaji wa tafiti wameizoea kwenye tableti, iko chini ya leseni hiyo. Pesa ambayo angempa wakili wa hataza ingemfaa zaidi akisajili jina na nembo BRELA, maana wanaoiba huanza na jina. Na asome mkataba wa ajira yake kabla ya hayo yote, asije akagundua kwamba msimbo wenyewe ni wa mwajiri.

Hali ya sheria nayo haijatulia. Bunge la Ulaya liliukataa muswada wa hataza za programu Julai 2005 kwa kura 648 dhidi ya 14. Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Alice mwaka 2014, ilisema kulichukua wazo la kawaida na kuliendesha kwenye kompyuta hakutoshi kulipatia hataza, na nyingi zikaanguka baada ya hapo. India, Afrika Kusini na New Zealand zimeandika kwenye sheria zao kwamba programu ya kompyuta kwa yenyewe haipewi hataza. Tanzania, ikiwa miongoni mwa nchi zenye maendeleo duni, imepewa pamoja na wenzake nafasi hadi tarehe 1 Julai 2034 kabla ya kubanwa na sehemu kubwa ya TRIPS, mkataba wa kimataifa wa haki miliki katika biashara. Sheria yetu ya hataza inaendelea kufanya kazi kama kawaida, lakini muda wa kuamua programu zikae upande gani wa mstari bado upo, na wanaoandika programu Kigoma wana kila sababu ya kupeleka maoni yao kabla wanasheria wa makampuni ya nje hawajapeleka ya kwao.